Mkao wa mtu wa laini kwenye futiboli ya Marekani: mkono chini au usimame?

Mwanangu alipoingia timu ya futiboli ya shule hapa Ohio, kochi alimwangalia mara moja tu kuanzia kichwani mpaka miguuni akasema wewe ni mtu wa laini. Hakumuuliza anapenda nini. Dogo ana miaka 15, kilo 104, basi kesi imeisha. Mimi baba mtu nimekulia chandimu Mwanza, najua kona na penati, haya mambo ya watu kuinama mstari mmoja kama wanatafuta shilingi iliyodondoka sikuyaelewa kabisa. Msimu wa kwanza nilikaa jukwaani nakula karanga, wa pili nikaanza kujitolea kubeba maji, wa tatu nikapewa watoto wadogo wa laini niwasaidie mazoezi ya mwanzo, na hapo ndo nikaona kwamba ugomvi mwingi wa pale mbele unaisha kabla mpira haujatoka chini, kwa namna mtu alivyokaa tu.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa mkao. Nauandika kwa wazazi na vijana wanaoongea Kiswahili walioko huku na yeyote anayependa huu mchezo, maana swali naloulizwa kila wiki ni lile lile: kijana aweke mkono chini au asimame? Jibu fupi: inategemea hatua yake ya kwanza inaenda wapi. Jibu refu ndo linaanza sasa, chukua chai.

Tuelewane maneno kwanza

Laini ya ofensi, yaani safu ya mbele ya timu yenye mpira, ni watu watano. Katikati yupo senta, huyu ndo anautoa mpira chini na kuupitisha kati ya miguu kwenda kwa kotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), kitendo tunachokiita snapu. Kulia na kushoto kwake magadi, na nje ya magadi ni matakli (tuishie hapo hapo kwenye takli, ukilizidisha kuliswahilisha unajua litatoka neno gani). Kazi yao ni mbili, kumfungulia njia mkimbiaji au kumlinda kotabeki ili apate muda wa kurusha. Ukimtoa senta, mpira hawaugusi, sifa hawapati, wakikosea ndo namba zao zinasomwa kwenye spika.

Mikao iko mitatu na jina linatokana na vitu vingapi vimegusa ardhi. Pointi mbili ni miguu tu, yaani umesimama umekunja magoti, kama golikipa anayesubiri penati. Pointi tatu ni miguu miwili na mkono mmoja. Pointi nne ni miguu na mikono yote, kama mkimbiaji wa mita 100 kwenye mstari wa kuanzia. Basi, hakuna cha nne.

Hatua ya 1: jua mguu unataka kwenda wapi

Usianze na mkao. Wazazi wengi tunaona kwenye tivii jamaa wa NFL, ile ligi ya kulipwa, amekaa vile na sisi tunamwambia mtoto akae vile, hapo ndo tunaharibu. Anza kwa kumuuliza kochi: kwenye michezo yenu mingi kijana wangu hatua yake ya kwanza ni ipi? Majibu yanakuwa manne tu.

Anaenda mbele kumsukuma mtu. Anaenda kando kumzuia mtu aliyekaa upande wake. Anarudi nyuma kumlinda kotabeki. Au anatoka kwenye nafasi yake anakimbia nyuma ya wenzake kwenda kuzuia upande wa pili, kazi ambayo magadi wanaifanya sana na ni tamu kuitazama, mtu wa kilo 130 anakata kona utadhani lori la Kahama limekatika breki.

Timu inayokimbia na mpira muda wote inataka mbele. Timu inayorusha muda wote inataka nyuma. Shule nyingi ziko katikati, zinataka vyote, na ndo maana pointi tatu imedumu miaka yote hii: sio bora kwa kitu chochote kimoja lakini haikunyimi kitu.

Hatua ya 2: jenga pointi tatu mpaka iwe ya kwake

Hapa nitakaa sana kwa sababu ukiiweza hii hizo nyingine mbili ni kupunguza mkono au kuongeza mkono.

Miguu kwanza. Simama miguu iachane upana wa mabega, mtu mwenye mapaja makubwa aongeze kidogo. Vidole vitazame mbele, vikifunguka nje kidogo sio dhambi, vikifunguka sana kama bata basi nguvu inapotelea pembeni. Sasa rudisha mguu mmoja nyuma, lakini kidogo: ncha ya kiatu cha nyuma iwe sawa na katikati ya kiatu cha mbele. Takli anaweza kurudisha zaidi, ncha ya nyuma ifike kwenye kisigino cha mbele, kwa sababu yeye ana safari ya kurudi nyuma haraka. Gadi asirudishe sana, maana anahitaji kwenda kushoto na kulia kwa usawa, na mguu ukiwa mbali nyuma ataanza kuuburuza.

Mguu upi? Kawaida anayecheza kulia anarudisha mguu wa kulia na kuweka mkono wa kulia chini, wa kushoto kinyume chake, yaani mguu wa nje ndo unakuwa nyuma. Kwa mtoto anayetumia mkono wa kulia kuwekwa takli wa kushoto ni kama kuandika kwa mkono usio wake. Mimi kwa watoto wa miaka 11, 12 nawaacha watumie upande wao wa asili mwaka mzima, halafu ndo tunabadilisha. Kuna makochi watabisha, sawa, wabishe, ila mtoto anayewaza mkono gani uende chini hawezi kumuwaza mtu aliye mbele yake.

Baada ya miguu, chuchumaa nusu uweke viwiko juu ya mapaja karibu na magoti, kama umechoka unapumzika. Kaa hapo. Hapo ndo unatakiwa kusikia uzito wako uko wapi: uwe upande wa ndani wa nyayo, magoti yasipanuke nje. Kisigino cha mbele kinagusa chini, cha nyuma kinanyanyuka kidogo tu, ikipita karatasi inatosha, ikipita ngumi umeenda mbele mno.

Sasa ushushe mkono. Unashuka wima kutoka begani, unatua mbele ya bega kidogo na ndani kidogo ya goti la nyuma. Vidole vitano vimefunguka kama miguu ya buibui, kiganja hakigusi. Wengine wanatumia vifundo vya vidole, ruhusa, ila vinachelewa kuachia ardhi kwenye nyasi ndefu. Mkono mwingine unabaki umelegea, kigasha juu ya paja, tayari kupiga.

Mgongo uwe bapa. Nawaambia watoto nikiweka sahani ya ugali hapo mboga isimwagike. Makalio yawe sawa na mabega au juu kidogo sana, ukiona makalio yameenda juu kabisa na kichwa kimeinama, huyo ataangukia pua mtu akimkwepa. Shingo isikazwe, ila macho yaone kifua cha mtu wa mbele na zaidi ya hapo. Ukitazama nyasi hujui nani anakuja.

Jaribio la mwisho, na hili usiliruke: ukimkuta amekaa, upige ule mkono wa chini kwa pembeni uondoke. Akianguka mbele ameweka uzito mwingi mkononi. Akibaki amekaa kama hakuna kilichotokea, uko vizuri. Halafu msukume bega kutoka mbele, pembeni, nyuma, taratibu, uone upande gani ni dhaifu.

Hili la uzito mkononi lilitugharimu. Mechi yetu ya tatu dogo alikuwa na hamu ya kumkomesha mtu, akajaza uzito wote kwenye vidole, kotabeki akachelewa kuita, mkono ukamchoka akaunyanyua kidogo tu kuuweka vizuri. Refa akatupa kibendera. Dakika kadhaa baadaye tena, kibendera. Kwa sheria za sekondari huku mtu wa laini wa ndani akishaweka mkono chini au karibu na chini, kuutoa au kushtuka ni kosa, timu inarudishwa yadi 5, karibu mita nne na nusu. Na timu nzima inatakiwa itulie angalau sekunde moja kabla ya snapu. Kwa hiyo mkao mzuri ni ule unaoweza kukaa nao sekunde sita, saba bila kutetemeka. Mtoto ambaye hawezi, mrudishe kwenye mkao wa juu zaidi mpaka mapaja yake yakomae.

Hatua ya 3: lini usimame pointi mbili

Watu wanaudharau huu mkao wanaona ni wa uvivu. Sio uvivu, ukikaa vizuri unaunguza mapaja kuliko ule wa mkono chini. Faida yake ya kwanza ni macho: unawaona lainibeka (watu wa difensi, timu isiyo na mpira, wanaokaa nyuma ya safu yao ya mbele) wamejipanga wapi, nani anajongea kutaka kuvamia, unamsikia senta akipiga kelele za kubadilisha mpango. Faida ya pili ni kwamba mguu wa kurudi nyuma unaondoka mara moja, hauhitaji kwanza kunyanyua kiwiliwili.

Namna ya kukaa: mguu wa ndani mbele, wa nje nyuma, magoti yamekunjwa, makalio chini kama unataka kukaa kwenye kigoda halafu ukaghairi katikati. Mikono juu ya mapaja au mbele ya kifua. Uzito ukae zaidi mguu wa ndani, kwa sababu ule wa nje ndo utaondoka kwanza na mguu uliobeba uzito hauondoki haraka, hii ni fizikia ya kawaida tu. Kosa la kila siku ni mtoto kunyooka taratibu kadri anavyosubiri, mwisho amesimama kama mtu kituo cha daladala, mtu wa difensi anamwingia chini ya kwapa, kwisha habari. Kwenye laini aliye chini ndo mwenye mali.

Takli kwenye yadi nyingi zilizobaki, mfano jaribio la tatu (timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10) na bado yadi 8, asimame tu, uwanja mzima unajua mnarusha. Kochi Mike Leach alipokuwa chuo cha Texas Tech, 2000 mpaka 2009, alirusha mpira karibu kila mara na laini yake akaiachanisha mbali mbali kuliko kawaida, watu wakamcheka kwanza halafu wakaanza kuiga. Kwa timu ya namna hiyo kumlazimisha mtoto mkono chini ni ukaidi tu.

Na kwa watoto wadogo hili sio suala la kuchagua tena sehemu nyingi. Pop Warner, ligi kubwa ya watoto huku, mwaka 2019 iliondoa mkao wa pointi tatu kwa madaraja yake matatu ya chini, na kabla yake 2017 USA Football ilikuja na mchezo uliorahisishwa wa watoto ambao pia unaanza bila mkono chini. Sababu ni kichwa. Ukianza umeinama, kitu cha kwanza kufika kwa mwenzako ni helmeti, ukianza umekaa wima inafika mikono. Mwanao akiwa na miaka minane na kochi anamtaka aweke mkono chini, muulize kwa adabu ligi yao inasemaje.

Hatua ya 4: pointi nne, kwa uchache

Umewahi kusukuma Hiace iliyozama kwenye matope? Hujasukuma umesimama. Umejilaza mbele, mikono chini ya kifua, miguu inachimba. Pointi nne ni hiyo. Mikono yote chini, uzito mbele, hatua fupi fupi, unaenda sehemu moja tu nayo ni mbele. Inafaa imebaki yadi moja, au mko mlangoni kwa wapinzani. Chuo cha Georgia Tech chini ya kochi Paul Johnson kuanzia 2008 mpaka 2018 walikuwa wanakimbia na mpira muda wote, na laini yao ililala mbele kiasi kwamba walinzi walikuwa wanalalamikia magoti yao. Ukiangalia Philadelphia Eagles wa NFL kwenye ule mchezo wao wa kumsukuma kotabeki makalio, utaona laini imelala karibu na nyasi kabisa. Uliwakera wengine mpaka Mei 2025 wenye timu wakapiga kura kuufuta, zikapatikana 22 na zilikuwa zinatakiwa 24.

Ubaya wake: ukitaka kurudi nyuma kumlinda kotabeki kutoka pointi nne utachelewa, na ukitaka kwenda kando utachelewa. Mtoto asiujue huu kama mkao wake wa nyumbani. Auweke mfukoni.

Hatua ya 5: senta ana mambo yake

Senta hachagui sana, mpira unamchagulia. Miguu yake ni karibu sawa kwa sawa, mmoja ukirudi nyuma urudi kidole tu, kwa sababu mkono mmoja utakuwa na kazi ya kupeleka mpira na hajui atapigwa kutoka upande gani. Mpira aushike mbele kidogo ya uso, sio chini ya tumbo. Kosa kubwa ni kuuegemea mpira. Ukiuegemea, siku ya snapu unaondoa nguzo uliyokuwa umejiegemeza mwenyewe, unaanguka wakati jamaa wa kilo 140 ndo anakuja. Kotabeki akiwa amekaa mbali nyuma, senta anaweza kukaa juu zaidi, ila makalio yabaki chini la sivyo mpira unaruka juu ya kichwa cha kotabeki, na hapo kila mtu anakimbia kurudi nyuma anapiga makelele.

Hatua ya 6: mwili wa mtoto una neno

Hapa mtaani tuna familia kadhaa za Kongo zilizopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuja Marekani. Vijana wao wakichuchumaa visigino vinakaa chini kabisa, wanaweza kupiga stori nusu saa hapo hapo, hawajui kama ni kipaji. Watoto waliokulia huku kwenye viti tangu wana mwaka mmoja, wengi ukiwaambia wachuchumae wanaanguka nyuma, vifundo vya mguu vimekaza. Kwa hiyo kabla hujamlaumu kijana kwamba mgongo wake umepinda kwenye pointi tatu, mwambie achuchumae pekupeku. Akishindwa, tatizo sio mgongo, ni vifundo, na dawa yake ni kuchuchumaa kila siku dakika tano ameshika fremu ya mlango, wiki kadhaa, huku akipanua miguu zaidi kidogo uwanjani.

Mrefu mwenye mapaja marefu anateseka kushuka, huyo nafasi yake ya takli na kusimama inamfaa. Mwenye kitambi asiweke mkono karibu na mwili, tumbo litambana na atashindwa kupumua, apeleke mbele sentimita chache. Mfupi mnene ana bahati, keshakuwa chini bila kujitahidi.

Na asikate tamaa aliyechelewa kuanza. Jordan Mailata, yule takli wa Eagles, alichukuliwa raundi ya saba 2018 akitokea ragbi ya Australia, hakuwa amecheza mechi hata moja ya futiboli ya Marekani.

Hatua ya 7: usimwambie adui siri

Ukishaweza mikao miwili mitatu unaanza tatizo jipya. Kijana anaweka mkono chini kila mnapokimbia na anasimama kila mnaporusha, baada ya robo ya kwanza mpinzani hahitaji hata kumtazama kotabeki. Hata ndani ya mkao mmoja kuna umbea: ncha za vidole zikiwa nyeupe maana yake uzito uko mbele, wanakimbia, makalio yakishuka na vidole vikigusa kwa mbali, wanarusha. Mtu mzoefu wa difensi anayasoma haya kama gazeti.

Dawa ni kuchagua mkao kwa hali ya mechi, jaribio la ngapi na yadi ngapi zimebaki, sio kwa kama mnakimbia au mnarusha. Sisi kwa wale watoto wakubwa kidogo tunafanya hivi: jaribio la kwanza na la pili wote pointi tatu, mnakimbia au mnarusha haijalishi. Yadi nyingi zimebaki, matakli wanasimama, magadi wanabaki chini. Yadi moja, wote wanalala. Na kila wiki tunafanya mazoezi ya kukimbia tukiwa tumesimama mara chache, ili siku moja mpinzani akisema hawa wanarusha tumpitie katikati.

Mazoezi, dakika kumi kwa siku

Simu iwekwe pembeni, kwenye usawa wa goti, sio mbele. Kutoka mbele kila mtu anaonekana mzuri. Piga mkao mara kumi, kila mara unahesabu sekunde tano kabla ya kutoka, halafu hatua moja tu: mbele mara nne, kando mara tatu, nyuma mara tatu. Hatua ya kwanza ni fupi, sentimita 15 hivi, mguu unatua haraka. Halafu tazama video uone kama kichwa kilipanda kabla ya mguu kuondoka. Kikipanda kwanza rudia.

Usitumie filimbi kuwaondoa. Mimi nilitumia wiki mbili nzima, najiona kochi, mpaka mzee mmoja wa timu akanivuta pembeni akaniambia bwana mkubwa, kwenye huu mchezo filimbi maana yake simama. Tumia sauti, na ubadilishe hesabu, leo watoke kwenye moja, kesho kwenye mbili.

Mvua ikinyesha, na Oktoba huku inanyesha kweli, punguza kuachanisha miguu, usirudishe sana mguu wa nyuma, na mkono wa chini utumie vifundo badala ya ncha za vidole maana matope yanateleza. Kitambaa kikavu kining'inie kiunoni kwa senta, wengine wafutie kwake.